Damu na Kalamu

Swali tunalotaka kulitazama katika makala haya ni hili: mtu anayeandika habari za mauaji ambayo hakuyafanya yeye, ana sehemu gani katika damu ile iliyomwagika? Wako wasemao kwamba hana sehemu yoyote, maana kazi ya mwandishi ni kueleza yaliyokuwa. Wako na wengine wasemao kwamba kalamu inayousifu upanga ni upanga wa pili. Sisi hatuafikiani moja kwa moja na upande wowote kati ya hizi mbili. Tutazieleza sababu zetu kwa kuwatazama waandishi wa historia wa Zama za Kati, na hasa wale walioandika habari za Vita vya Msalaba. Tumewachagua hao kwa kuwa mauaji yale yale yaliandikwa na Wakristo, na Waislamu, na Wayahudi, kila mmoja kwa lugha yake na kwa haja yake. Hivyo kalamu moja twaweza kuipima kwa nyingine.

Kwanza tuyakumbuke matukio yenyewe. Mnamo Novemba 1095 Papa Urban wa Pili alihutubia mkutano mjini Clermont, Ufaransa, akawataka mashujaa wa nchi za Magharibi waende kuwasaidia Wakristo wa Mashariki. Baada ya safari ya miaka mitatu, yenye njaa na maradhi na vita vingi, jeshi lao lilifika Yerusalemu, mji ambao Waislamu huuita Baitul Mukaddas. Wakati huo mji ulikuwa mikononi mwa Wafatimi wa Misri, ambao nao walikuwa wameunyakua kwa Waturuki mwaka mmoja tu uliotangulia. Uliteswa kwa mazingira ya wiki tano, kisha tarehe 15 Julai 1099 ukuta ukavunjwa. Gavana Iftikhar al-Dawla alijifungia katika Mnara wa Daudi, akapatana na Raymond, bwana wa Toulouse, akatoka salama na askari wake kwenda Askalani. Raia hawakuwa na mnara wa kujifungia.

Yaliyofuata yameandikwa na kasisi mmoja aliyekuwapo kwa macho yake, Raymond wa Aguilers. Yeye asema kwamba katika Hekalu la Sulemani, ndilo jina walilouita Msikiti wa Al-Aksa, watu walipanda farasi ndani ya damu iliyofika kwenye magoti yao na kwenye hatamu za farasi. Msomaji wa leo akikutana na maneno hayo husita. Damu ya watu wote waliopata kuishi katika mji ule isingefika kina hicho. Je, kasisi alisema uongo? Jibu ni jepesi kwa yeyote aliyekisoma Kitabu cha Ufunuo wa Yohana, sura ya 14, aya ya mwisho, ambamo damu ya hukumu ya Mungu yatoka katika shinikizo mpaka kufika kwenye hatamu za farasi. Raymond hakuwa anapima kina cha damu. Alikuwa anawaambia wasomaji wake, ambao waliijua aya ile kama sisi tunavyojua methali, kwamba siku iliyotabiriwa imetimia. Naye hakuficha hukumu yake: aliona ni haki mahali pale papokee damu ya wale ambao, kwa maoni yake, walimkufuru Mungu hapo hapo.

Hapa ndipo tunapoiona dosari yake, nayo si dosari ya hesabu. Mtu aliyezidisha kina cha damu aweza kusahihishwa na mwingine mwenye kipimo. Lakini mtu aliyekwisha kulipeleka tendo mbinguni, akalitundika katika unabii, ameliondoa mikononi mwa wanadamu. Hakuna tena wa kuulizwa kwa nini mwanamke fulani aliuawa, maana aliyeua si askari tena, ni hukumu. Na yule mwanamke naye si mtu tena. Amekuwa tone katika bahari ya aya.

Mfano wa pili uko katika kitabu kiitwacho Gesta Francorum, yaani matendo ya Wafaranji, ambacho mwandishi wake hatajwi jina. Yaelekea alikuwa mfuasi wa Bohemond, mkuu wa watu waliotoka kusini ya Italia, na Kilatini chake ni cha mtu asiye na makuu. Yeye asema damu ilifika vifundo vya miguu. Tena akaeleza jambo ambalo lingeweza kumwaibisha mtu wa upande wake. Watu wengi, wake kwa waume, walikuwa wamekimbilia juu ya paa la msikiti. Tancred na Gaston wa Béarn wakawapa bendera zao ziwe alama ya kuwa wako chini ya ulinzi. Asubuhi ya pili askari wengine walipanda juu ya paa wakawachinja wote. Tancred alighadhibika sana. Kisha, asema mwandishi huyo, Waislamu waliobaki hai waliamriwa kuwakokota wenzao waliokufa hadi nje ya malango, wakazipanga maiti katika malundo yaliyo kama nyumba.

Yafaa tuzingatie sentensi hii ya bendera. Ni sentensi fupi, haina aya wala unabii. Lakini ndani yake mna ahadi iliyotolewa na ahadi iliyovunjwa, na kwa hivyo mna watu: waliopewa ahadi, aliyeitoa, na walioivunja. Hayo yakiisha kuandikwa, haiwezekani tena kusema kwamba siku ile ilikuwa ni wimbi lisilozuilika, maana yupo aliyejaribu kulizuia. Albert wa Aachen, ambaye hakupata kufika Mashariki bali aliwasikiliza waliorudi, aliongeza kwamba siku ya tatu wakuu walifanya shauri, wakaamua kuwaua mateka waliosalia, wanawake na watoto pia, kwa kuhofia kwamba jeshi la Misri likija wangeasi. Shauri la vita, hofu, hesabu ya faida na hasara. Mambo hayo ni ya duniani, na mwanadamu aweza kuhukumiwa kwayo.

Kitabu kile cha asiyejulikana hakikuwapendeza wasomi wa Ufaransa. Walikiona kimeandikwa kishamba. Kwa hiyo watawa watatu, Robert, Baldric na Guibert, kila mmoja alikiandika upya kwa Kilatini fasaha. Robert ndiye aliyesomwa kuliko wengine wote. Nakala za mkono za kitabu chake zilizosalia hadi leo ni zaidi ya 80. Na Robert aliongeza mwanzoni hotuba ya Papa ya Clermont, akatia katika kinywa cha Papa visa vya kutisha vya mateso ambayo Wakristo wa Mashariki walifanyiwa na maadui zao. Fulcher wa Chartres naye aliiandika hotuba ile ile, lakini katika maandishi yake visa hivyo havipo kwa namna hiyo, wala Yerusalemu haitajwi hata kwa jina. Tukumbuke kwamba Robert aliandika miaka kadhaa baada ya mji kutekwa. Yaani kisasi kilitangulia, na kisa cha kukihalalisha kikaandikwa nyuma, kikawekwa mbele. Sisi tulio washairi tunaijua kazi hii: beti za mwanzo mara nyingi hutungwa mwisho, baada ya mtungaji kujua utenzi unakwenda wapi. Katika utenzi ni ufundi. Katika historia ya watu waliouawa ni jambo jingine.

Tugeukie sasa upande wa walioshindwa. Ibn al-Athir, mwanahistoria mashuhuri wa Mosul aliyefariki mwaka 1233, aliandika kwamba katika Msikiti wa Al-Aksa waliuawa watu zaidi ya 70,000, na miongoni mwao maimamu na wanavyuoni na wachaji Mungu waliohama makwao ili waishi karibu na mahali patakatifu. Aliandika zaidi ya miaka 100 baadaye. Fulcher, ambaye siku ile hakuwapo Yerusalemu, alitaja kama 10,000 kwa mahali pale pale. Abu Bakr ibn al-Arabi, mwanachuoni wa Andalusia aliyewahi kuishi Yerusalemu miaka michache kabla ya vita, alitaja 3,000. Tazama jinsi idadi ilivyokua kadiri ilivyosafiri! Wanahistoria wa leo waona kwamba mji wenyewe usingeweza kuwa na watu 70,000. Mshindi aliizidisha idadi ili aonyeshe ukubwa wa msaada wa Mungu. Aliyeshindwa akaizidisha ili awaamshe wenzake waliolala Baghdad. Damu ile ile ikatumika kwa shukrani na kwa matanga.

Wala mtu asidhani kwamba kwa kusema hivi tunayapunguza mauaji. Watu 3,000 waliochinjwa ndani ya nyumba ya ibada ni 3,000. Tunalosema ni kwamba idadi iliyozidishwa humdhulumu marehemu mara ya pili, kwa kuwa huyageuza maisha yake kuwa noti ya bandia, na siku inapogunduliwa kuwa ni ya bandia, wapo watakaoikataa na ile iliyo halali.

Tena maandishi hayo hayakukaa rafuni. Mwaka 1187 Salahuddin Ayyubi alipouzingira mji ule ule, Balian wa Ibelin alitoka kuomba masharti ya amani. Ibn al-Athir asimulia kwamba Salahuddin alikataa kwanza, akasema atawatenda kama wao walivyowatenda watu wa mji mwaka 492 wa Hijra, ambao ndio 1099. Miaka 88 ilikuwa imepita. Hakuna kati yao aliyekuwapo. Kilichokuwapo ni habari. Balian naye akatishia kwamba watawaua mateka Waislamu 5,000 na kubomoa Kuba ya Mwamba kabla hawajafa. Mwishowe walipatana kwa fidia, dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na mji ukafunguliwa tarehe 2 Oktoba bila mauaji. Walioshindwa kulipa walikuwa wengi, na wengi katika hao walichukuliwa utumwa. Hilo nalo lisisahauliwe na wanaopenda kuisifu siku hiyo, nasi tu miongoni mwao.

Katika jeshi la Salahuddin alikuwamo mtu ambaye sisi, tulio washairi na tuliokula mshahara wa ofisi, hatuwezi kumpita bila kusimama. Imad al-Din al-Isfahani alikuwa karani wake, mwandishi wa barua zake, na mshairi mwenye ulimi wa ajabu. Alikuwapo mwezi Julai mwaka huo, baada ya vita vya Hattin, walipouawa mateka wa vyama vya Templari na Hospitalari. Salahuddin aliamuru wauawe, na wanavyuoni na masufi waliofuatana na jeshi wakaomba kila mmoja apewe wa kumwua. Wengine kati yao hawakujua kushika upanga. Mkono ulitetemeka, wakabadilishwa. Imad al-Din aliyaeleza yote hayo kwa nathari yenye vina, sentensi baada ya sentensi zikiitikiana kama wapiga makofi, na uso wa bwana wake ukiwa umekunjuka kwa furaha.

Tumesoma habari hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara limetushika jambo lile lile. Vina ni vizuri. Ndiyo balaa yake. Karani anayetunga vizuri hulifanya tendo zito lipite kooni kama maji. Wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana huwaweka makarani karibu. Hatusemi kwamba Imad al-Din alikuwa mtu mwovu. Alimpenda bwana wake kwa dhati, na kwa ushahidi mwingi bwana wake alistahili kupendwa. Lakini kwa kuwa alieleza pia habari ya mkono uliotetemeka, pengine bila ya kukusudia, ametuachia ufa mdogo katika ukuta wa sifa. Kupitia ufa huo twaona kwamba palikuwapo watu wasioliweza lile waliloliomba.

Kwa upande wa Wakristo ufa kama huo ulifunguliwa na William, askofu mkuu wa Tiro, aliyezaliwa Yerusalemu yenyewe yapata 1130. Alipoandika habari za 1099 alisema kwamba si maiti tu zilizotisha, bali walioshinda wenyewe walikuwa kitisho kuwatazama, wakichuruzika damu tangu utosini hadi nyayo. Alikuwa ni mwana wa ushindi ule. Bila ya mauaji yale asingezaliwa mji ule. Na bado aliona.

Wayahudi wa nchi ya mto Rhine waliuawa mwaka 1096 na makundi yaliyotangulia jeshi kubwa, katika miji ya Speyer, Worms na Mainz. Habari zao zimo katika maandishi ya Kiebrania, na tofauti yake na mengine twaiona mara moja: marehemu wana majina. Twamjua Rachel wa Mainz, na watoto wake wanne, Isaac, Aaron, Bella na Matrona, ambao mama yao aliwaua kwa mkono wake wasije wakabatizwa kwa nguvu. Majina ya waliokufa yaliandikwa katika orodha, yakasomwa katika masinagogi vizazi kwa vizazi. Twakiri kwamba maandishi hayo nayo yana kusudi lake. Yamewavika wazazi wale joho la Ibrahimu aliyemtoa mwanawe, nayo yanamwomba Mungu alipe kisasi. Hata aliyedhulumiwa huitumia damu. Lakini mtoto mwenye jina hawezi kuwa tone tu. Matrona hubaki Matrona.

Ushahidi ulio bora kuliko yote, kwa maoni yetu, haukuandikwa na mwanahistoria yeyote. Katika sinagogi la Ben Ezra mjini Fustat, Misri, palikuwa na chumba ambamo Wayahudi waliweka karatasi zao kuukuu, kwa kuwa hawakupenda kuitupa karatasi yenye jina la Mungu. Mwishoni mwa karne ya 19 maelfu ya karatasi hizo zilipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, na miongoni mwake ikapatikana barua iliyoandikwa Askalani mwaka 1100. Wazee wa Askalani wanawaeleza ndugu zao wa Misri kuhusu fedha: zilizochangwa, zilizokopwa, na zinazotakiwa bado. Wamewakomboa mateka wa Yerusalemu mikononi mwa Wafaranji. Wamekomboa na mamia ya vitabu. Wako waliokombolewa wakafa kwa maradhi. Wako ambao bado wanashikwa, na mmoja wao ni mtoto wa umri wa miaka 8 hivi, ambaye Wafaranji walimshawishi aingie dini yao, akakataa.

Barua hiyo haina ufasaha. Ni barua ya kuomba mchango. Lakini kwa kuisoma tunajua lile ambalo Raymond wa Aguilers na Ibn al-Athir, kila mmoja kwa sababu yake, hawakutaka tulijue: kwamba si wote waliokufa. Walikuwapo waliosalia, wakauzwa, wakatembea njia ya Askalani, wakawa mzigo kwa waliowapokea. Mshindi hakuwahitaji katika kitabu chake, maana walipunguza ukamilifu wa hukumu. Mwenye kuomboleza hakuwahitaji, maana walipunguza ukamilifu wa msiba. Aliyewahitaji ni yule tu aliyepaswa kuwalipia.

Sasa twaweza kulijibu lile swali letu la mwanzo. Mwandishi hashiriki katika damu kwa sababu tu ameieleza, hata akiieleza kwa ukali. Hushiriki pale anapomwondoa mtu katika tendo, ama aliyeua ama aliyeuawa, na kuliacha tendo lisimame peke yake kama radi.

Kipimo hiki kikishika huko, hakina budi kishike na kwetu, maana pwani yetu ilikuwamo katika ulimwengu ule wa maandishi. Utenzi mkongwe kuliko yote mirefu tuliyo nayo wenye tarehe, Chuo cha Herekali, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo bin Athumani, umechota katika hadithi za vita za Kiarabu za Zama za Kati. Unasimulia safari ya Tabuki ya mwaka 630. Wasimulizi wa sira wanasema safari hiyo iliisha bila mapigano na jeshi la Warumi. Katika utenzi wapiganaji huanguka kwa maelfu. Tumeupenda tangu utoto na hatuna nia ya kuacha kuupenda. Wala hatudhani kwamba Bwana Mwengo alimdhulumu mtu, kwa kuwa vita vile havikuwa na maiti. Tunaloomba ni kwamba mwalimu anayeufundisha aliseme hilo darasani.

Jambo zito zaidi limo katika safari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Wengi wetu twaijua habari hiyo kwa sifa alizozitoa: mji mzuri, watu wacha Mungu, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Vitabu vyetu hupenda kuinukuu, nasi twaona sababu. Lakini katika ukurasa ule ule asema kwamba Sultani alikuwa akizishambulia mara kwa mara nchi za Zenji, akateka ngawira, akatenga khumsi yake kama sheria inavyoagiza, na fungu la masharifu akaliweka mbali mpaka wao wafike. Mashambulizi yale hayaelezwi. Yametajwa ili tujue ulikotoka ule ukarimu.

Kisha yaja hadithi ya ukarimu wenyewe. Faqiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba Sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu wakasifu unyenyekevu wake. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa faqiri watumwa 10 badala yake. Naye Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ibn Battuta hakuzidisha idadi hapa, wala hakuazima aya ya damu. Ameandika kwa utulivu kama mtu anayeandika hati ya mapokezi. Twamjua Sultani, na jina la baba yake. Twajua kwamba faqiri alitoka Yemeni. Wale 20 kitabu hakisemi walitoka wapi.